Maiki ya Bi Siwema

Hapo zamani, na msinikatize kuniuliza zamani gani, televisheni zilipokuwa bado na kisogo kirefu kwa nyuma, palikuwa na mtaa uitwao Chumvini, na Chumvini palikuwa na kibanda umiza. Mnakijua kibanda umiza nyinyi mliozaliwa na simu mkononi? Mabati juu, magunia pembeni, mabenchi ya mbao yanayochana suruali, televisheni moja mbele, na joto. Ukiingia mzima unatoka umeshika kiuno. Mwenye kibanda alikuwa Bi Siwema, mjane, mwembamba, hana mtoto, hana shamba, hana kaka wa kumkimbilia. Alikuwa na sauti tu, na sauti hiyo ndiyo iliyomlisha.

Marehemu mumewe, dereva wa malori ya mbali, alimwachia deki ya video, televisheni na sanduku zima la kanda za katuni moja. Katuni hiyo ilianza kutengenezwa huko kwao kabla baba zetu hawajaoa, na ilikuwa haijaisha. Lugha yake hakuna aliyeijua. Wengine walisema Kirusi, wengine wakasema Kichina. Maalimu wa madrasa alipita nje siku moja, akasimama, akasikiliza, akasema yeye hajui ni lugha gani ila Kiarabu sicho.

Bi Siwema naye hakuijua. Lakini alikaa kando ya televisheni, akashika maiki, akatafsiri. Alitafsiri nini ikiwa lugha yenyewe haijui? Mnaniuliza mimi? Aliangalia midomo inavyofunguka na kufumba, akaijaza maneno. Kila mnyama akampa jina, akampa ukoo, akampa sauti yake na ugomvi wake na jirani. Na watu wa Chumvini walijazana mpaka wengine wakawa wanachungulia kwenye matundu ya magunia.

Wanyama waliopendwa walikuwa watatu. Wa kwanza Tungi, bata bukini mnene mwenye kofia, anayefoka kutwa kuwatia wanawe adabu. Wa pili Mwiba, nungunungu anayeiba chakula jikoni kwa Tungi akawagawia wenye njaa, kisha akacheka mcheko mrefu usiokwisha. Wa tatu Chelewa, kobe, ambaye kila shughuli alifika imekwisha, sahani zimeoshwa, mikeka imekunjwa. Alichungulia mlangoni akauliza, "Mmeniwekea?" Hapo kibanda kizima kilikuwa hoi kwa kicheko.

Sasa, watu wazima wenye ndevu na wajukuu wakagawanyika kwa ajili ya bata, nungunungu na kobe. Ndiyo, cheka tu. Hata wewe una wako.

Kiongozi wa watu wa Tungi alikuwa Hatibu, muuza viatu vya mtumba. Alikuwa akisimama kwenye benchi la kulia na kusema, "Baba lazima afoke! Watoto wasipofokewa wataota pembe!" Hayo aliyasema kibandani. Nyumbani kwake, mkewe akikohoa tu, Hatibu ameshachukua ndoo anakwenda bombani.

Kiongozi wa watu wa Mwiba alikuwa Sikudhani, mkaanga mihogo mlangoni pa kibanda. Yeye alisema, "Mwiba anaiba kwa haki! Wenye navyo wametukalia kooni mno!" Lakini jaribu kuchukua kipande cha muhogo wake uonje kabla ya kununua. Utapigwa upawa wa mkono mpaka usahau njaa.

Kiongozi wa watu wa Chelewa alikuwa Shaweji, fundi baiskeli. "Chelewa hana makuu," alikuwa akisema. "Wenzake wanagombana, yeye hayupo. Kuna uungwana kuliko huo?" Ukimpelekea Shaweji baiskeli ya mwanao, mtoto anaota ndevu baiskeli bado imening'inia ukutani. Watu wa Tungi walikaa benchi la kulia, watu wa Mwiba walikaa benchi la kushoto, na watu wa Chelewa hawakuwa na benchi kwa sababu walikuwa hawajafika.

Ugomvi ukatoka kibandani ukaingia majumbani. Posa moja ilirudishwa, mchele na kanga vikarudishwa, baba mtu akisema, "Nimpe binti yangu kijana anayeshangilia mwizi?" Katika msiba wa mzee mmoja, watu wa Tungi walikaa chini ya turubai moja na watu wa Mwiba wakadai turubai lao. Maiti akangoja. Na hao kobe? Walifika watu wameshatoka makaburini, na nasikia mmoja wao aliuliza kama kuna pilau iliyobaki.

Basi koo la Bi Siwema likaanza kuuma. Alikwenda zahanati, daktari akamulika, akatikisa kichwa, akamwambia, "Mama, pumzisha sauti. Ukiendelea hivi itakwenda, na ikienda sijui kama itarudi."

Atapumzishaje sauti, na sauti ndiyo unga wa jioni? Alirudi kibandani, akawasha deki, akasema kwa upole, "Wanangu, leo niwieni radhi. Koo halipo sawa. Nitasema taratibu."

Hatibu akasimama. "Bi Siwema, mama yetu, tunakuheshimu. Lakini Tungi hasemi taratibu! Tungi anafoka! Usimshushe hadhi mzee wa watu."

Bi Siwema akafoka.

Sikudhani akapaza sauti kutoka mlangoni, upawa mkononi. "Na Mwiba acheke ule mcheko wake wote, mama! Mbona Tungi amefoka kamili? Tusidhulumiwe!"

Bi Siwema akacheka, mcheko wote.

Mwishoni kabisa, watu wameshaanza kusimama, Shaweji akaingia na grisi yake mikononi. "Shikamoo, Bi Siwema. Nimekosa mwanzo. Hebu rudisha kanda, kipande kidogo tu, utusimulie tena sisi tuliokuwa kazini."

Bi Siwema akarudisha kanda. Akasimulia tena.

Ikawa hivyo kesho yake, na kesho kutwa, na siku zilizofuata. Anaomba radhi, anafokeshwa. Anaomba radhi, anachekeshwa. Anaomba radhi, anarudishwa mwanzo. Na wote walimwita mama. Lo, kuna watu wakikuita mama inabidi uangalie pa kukimbilia.

Ikafika Idi pili. Kibanda kimefurika, watoto wamevaa mapya, hata ubao wa kuwekea viatu umekaliwa. Tungi kwenye kioo amepanda juu ya meza, kafungua mdomo, anataka kufoka ule mfoko wake mkubwa. Bi Siwema akavuta pumzi. Akafungua mdomo. Hakikutoka kitu. Akajaribu tena. Ikatoka damu, ikadondokea kanga yake mpya, naye akateleza kwenye kiti akaanguka.

Mnadhani watu walifanya nini? Benchi la kushoto lilishangilia! "Tungi kanyamazishwa! Leo kakoma!" Benchi la kulia likainuka, "Hila hiyo! Mmemlisha nini Bi Siwema ili Tungi asifoke?" Mama wa watu yuko chini anavuja damu, na wao wanabishana kama jambo hilo limo ndani ya katuni au limo nje.

Aliyetoka kwenye benchi alikuwa Hatibu. Hakutoa amri, hakufoka, hakuita mtu. Aliinama, akambeba Bi Siwema mgongoni, akatoka naye. Jua la saa nane linawaka, hakuna gari wala toroli, na hospitali ipo ng'ambo ya soko. Alikimbia. Meza yake ya viatu aliipita hapo hapo sokoni, haina mlinzi, vibaka wameshaanza kuchagua saizi zao mchana kweupe, na aliwaona. Hakusimama. Alifika hospitali, akamlaza kitandani, akakaa chini sakafuni akalia kama aliyefiwa.

Daktari aliposikia kisa chote alisema, "Mngebishana kidogo zaidi huko, sasa hivi mngekuwa mnatafuta sanda. Uhai upo. Sauti haipo. Na sitegemei kuwa itarudi."

Haya. Kibanda kikafungwa. Watu wa Chumvini walikaa bila Tungi, bila Mwiba, bila Chelewa, wakawa wakali kwa wake zao na waume zao. Kisha ikasikika habari kwamba katuni ile ile itaonyeshwa na kituo kimoja cha televisheni, tena kwa Kiswahili, imetafsiriwa na watu walioisomea lugha yenyewe. Wakakimbilia hoteli ya chai yenye televisheni, wakaagiza chai kavu, wakatulia.

Masikini, laiti wasingekwenda. Tungi hakuwa baba wa wale bata wadogo. Alikuwa mpangaji wa jirani, mgomvi, anayefukuza watoto wa wenzake. Mwiba hakuwa mwizi. Mwiba alikuwa askari polisi, na kile chakula alikuwa anakikamata kama ushahidi! Na Chelewa, Chelewa wa watu, alikuwa daktari. Alipochungulia mlangoni hakuuliza kama amewekewa. Aliuliza, "Mgonjwa yuko wapi?"

Hoteli ikawaka moto. "Waongo hawa!" alipiga kelele Hatibu. "Tungi nimemjua tangu sijaoa, leo mnaniambia ni mpangaji?" Sikudhani alishika kichwa. "Mwiba wangu polisi? Bora mngeniambia amekufa!" Walirusha maganda ya machungwa kwenye kioo, mwenye hoteli akawatoa wote nje na ufagio. Barabarani, kwa mara ya kwanza, benchi la kulia na la kushoto lilikuwa na neno moja. Wasomi wa televisheni wameiharibu katuni, na ukweli anaujua Bi Siwema.

Bi Siwema naye alikuwa ametoka hospitali. Amekaa nyumbani, jiko limepoa, debe la unga anakwangua chini. Ugonjwa ulikuwa umeondoka na njaa ilikuwa imeingia.

Hapo akainuka Sikudhani. Aliliepua karai lake la mihogo, wateja wake akamwachia mwanamke wa kona ya pili, na mkaanga mihogo akiacha kona yake ujue ameacha kila kitu. Akafungua kibanda. Akafagia. Akashika maiki. Maneno yote ya Bi Siwema alikuwa ameyashika kwa kuyasikia mlangoni mwaka baada ya mwaka, na sauti anayo, tena ya kuita mteja aliye mtaa wa pili. Watu wakarudi. Jioni kila siku, sahani ya wali ilitoka kwa Sikudhani ikaenda kwa Bi Siwema, na juu ya wali kulikuwa na samaki. Ile njaa ikatoka mlangoni.

Ila moyo wa Sikudhani nao una upande wake. Mwiba alianza kushinda kila siku. Mwiba akawa na hekima, Mwiba akawa na dini, Mwiba akaanza kusifiwa na maadui zake. Siku moja, kwa maneno ya Sikudhani, Tungi alipiga magoti mbele ya mkewe, akaomba msamaha kwa yote aliyoyafoka tangu kanda ya kwanza. Benchi la kulia lilisimama lote, likatoka. Hawakurudi. Nusu ya kibanda ikawa tupu, na samaki akatoweka juu ya wali.

Na Shaweji? Shaweji ndiyo kwanza alikwenda kumjulia hali mgonjwa! Watu wameshapeleka machungwa na uji, wameshasahau, Bi Siwema yupo uani anafagia, jamaa anabisha hodi anauliza, "Mgonjwa anaendeleaje?" Bi Siwema alimtazama, akataka kumpiga na ufagio, akashindwa kwa kicheko. Kicheko chenyewe hakina sauti.

Siku hiyo walikwenda kibandani pamoja. Shaweji alikosa mahali, akakaa chini pembeni, karibu na miguu ya Bi Siwema. Sikudhani anatafsiri mbele. Shaweji akainua macho, akaona kitu ambacho watu wote waliowahi kufika hawakukiona. Bi Siwema alikuwa anasema. Midomo inakwenda, vidole vinakwenda, anamfokesha Tungi, anamchekesha Mwiba, kimya kimya, na machozi yanashuka.

Kesho yake Shaweji aliwahi. Watu walitazama jua kuona kama limechomoza upande wake. Aliwahi na siku iliyofuata, na iliyofuata, anakaa uani kwa Bi Siwema, anasoma midomo yake na vidole vyake, anakosea, anapigwa kofi, anarudia. Baiskeli za watu zikaota kutu ukutani. Mwishowe siku moja Sikudhani alipokuwa ameugua tumbo, Shaweji aliketi kibandani amempa televisheni mgongo. Ndiyo, mgongo! Mtu aliyempenda Chelewa kuliko ndugu zake, akakubali asimwone tena. Alimtazama Bi Siwema, na kila alichokisema Bi Siwema kwa midomo, Shaweji alikisema kwenye maiki. Na alikuwa Bi Siwema hasa. Tungi alifoka kwa mapenzi yale yale, Mwiba aliiba kwa huruma ile ile, na watu wazima walilia kwenye mabenchi. Bi Siwema alipiga makofi mpaka mikono ikamuuma.

Sasa shika hapo, maana hapa ndipo pazito.

Maiki ni moja. Kibanda ni kidogo, kinaweza kumlisha Bi Siwema na mtu mmoja mwingine, basi. Atakayeshika maiki ndiye atakayekula naye, ndiye atakayemuuguza, na kibanda kitakuwa chake Bi Siwema akifumba macho. Akikosea kumchagua, jiko lake litapoa tena, na safari hii ni mzee kuliko jana. Sikudhani na Shaweji walijaribu kupokezana, mabenchi yakarushwa. Kwa hiyo wakakutana wote kibandani, Bi Siwema katikati, amekaa kwenye kiti chake, maiki mapajani.

Hatibu alisema, "Mimi sijui kutafsiri, lakini Bi Siwema angekuwa udongoni, mngetafsiriwa na nani? Nimembeba. Viatu vyangu vyote viliibwa nikiona. Anayedai maiki kwanza anilipe mgongo wangu. Nipeni mimi, nitajifunza."

Sikudhani alisema, "Umembeba, sawa. Ukamrudisha nyumbani afe na njaa! Uhai bila unga ni uhai gani? Nani alifungua kibanda? Nani aliacha mihogo yake? Kila tonge alilokula tangu atoke hospitali limepita mkononi mwangu. Nipeni mimi."

Shaweji alisema, "Wewe umemlisha, huku ukisema yako kwa jina lake. Kila jioni ulikuwa unamnyang'anya hata kile kilichobaki mdomoni. Mimi sina langu. Nikishika maiki anayesema ni yeye. Nipeni mimi, ili mumpe yeye."

Watu wakaguna. Kisha yule maalimu wa madrasa, aliyekuwa anapita nje tena, akaingiza kichwa kwenye tundu la gunia akasema, "Mbona hamjasema na haya? Nani alimwambia Tungi hasemi taratibu? Nani alidai mcheko wote? Nani alitaka kanda irudishwe kila siku Mungu aliyomjalia? Nyinyi watatu mmemrudishia mama huyu uhai, chakula na maneno. Sauti mmeila nyinyi."

Wote watatu wakainamisha macho.

Bi Siwema akasimama. Kila jicho likamgeukia. Akaweka kiganja kooni. Akamgusa Hatibu mgongoni, akamgusa Sikudhani mkononi, akamgusa Shaweji kwenye macho. Kisha akainua maiki juu, akaigeuza, akaelekeza kidole chake polepole, na midomo yake ikasema neno moja.

Shaweji angelisoma, lakini nani angemwamini Shaweji? Alipofungua mdomo tu, walimfunika kwa kelele. Benchi la kulia likaruka, "Amemgusa Hatibu kwanza! Wa kwanza ndiye!" Benchi la kushoto likaruka, "Kidole kimeelekea kwa Sikudhani, sote tumekiona!" Watu wa Chelewa, waliokuwa ndiyo wanaingia, wakapiga kelele mlangoni bila kuona chochote, "Shaweji! Amesema Shaweji!" Mmoja alisema amekasirika, mwingine alisema amefurahi, mwingine alisema anaomba maji. Walimtafsiri mbele ya uso wake mpaka mabati yakalia, na yeye amesimama pale pale, anarudia lile neno lake, analirudia, na hakuna anayemtazama.

Haya, nyinyi mnaonisikiliza. Msiniambie nani mnampenda, sijawauliza bata wala kobe. Jiko la Bi Siwema linapoa, maiki bado ipo mkononi mwake, na hataigawa kelele zikiendelea. Mmoja aliokoa uhai, mmoja aliokoa tonge, mmoja aliokoa maneno, na wote watatu walikula sauti. Je, kati yao nani alistahili kupewa maiki, na nani kati yenu angenyamaza kwanza ili alisikie jibu kwa Bi Siwema mwenyewe?